Anayesema ni Marehemu

Mume wangu alikuwa anasoma matangazo ya vifo. Pale redioni alifanya na mengine: alisoma habari, alisimamia kipindi cha salamu, na umeme ukikatika alitoka mwenyewe kuwasha jenereta. Lakini mtu akikutana nami sokoni Bukoba na kuambiwa mimi ni mke wa nani, hakutaja hayo. Alisema, "Ndiye aliyetutangazia baba," kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kana kwamba na mimi nilikuwepo msibani.

Kwetu kazi hiyo ina uzito. Mtu akifa Bukoba mjini, ndugu zake wako Muleba, Karagwe, Mwanza na visiwani, na simu haziwafikii wote. Familia hutuma mtu redioni na karatasi. Baada ya habari za mchana husomwa jina la marehemu, alikofia, atakakozikwa, halafu orodha ndefu ya wale ambao habari ziwafikie. Katika dakika hizo nyumba hunyamaza. Mama mkwe wangu, anayeishi Ngenge kule Muleba, alikuwa anaacha hata kutafuna.

Mume wangu alianza kila siku kwa maneno yaleyale: "Ndugu msikilizaji, popote ulipo, tulia kidogo unisikilize." Halafu alinyamaza. Haukuwa ukimya mrefu, ila ulimtosha msikilizaji kuwapitia wazee wake wote moyoni, mmoja mmoja. Ndipo alipotaja jina, polepole, akalirudia. Majina ya koo zetu za Kihaya aliyatamka kama yanavyotamkwa nyumbani, si kama yalivyoandikwa na aliyeleta karatasi.

"Nikiharakisha," aliniambia, "ni kama ninamtupa mtu."

Kampuni ya kubeti ilipokuja kutafuta sauti kwa ajili ya tangazo lake, haikuhangaika. Wakala wao aliuliza pale mjini watu wanamwamini mtangazaji gani, akaelekezwa kwake. Jioni hiyo tulikuwa jikoni, nyumbani kwetu Buhembe. Mimi namenya ndizi, yeye amesimama mlangoni na karatasi mkononi.

"Wanataka nianze kama ninavyoanza siku zote," alisema.

"Kama vipi?"

"Ndugu msikilizaji, popote ulipo."

"Na kunyamaza?"

"Na kunyamaza. Wamesema hasa hapo pa kunyamaza wanapapenda."

Mshahara wa redioni ulikuwa unachelewa, tena miezi mingine ulikuja nusu. Sikumkataza wala sikumhimiza. Nilimuuliza kama moyo wake unakubali, akasema, "Ni sauti tu. Nitaisoma mara moja, iishe." Alirekodi kesho yake asubuhi, akarudi na nyama.

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Alianza, akanyamaza, halafu akasema: "Leo ni siku yako. Jirani yako amekwishatangulia. Weka mkeka wako sasa." Mwishoni sauti ya mtu mwingine, inayokimbia kama anayefukuzwa na mvua, ilisema mchezo ni kwa waliotimiza miaka kumi na minane na kwamba unaweza kuleta uraibu. Hayo ya mwisho hakuna niliyemjua aliyeweza kuyarudia.

Siku ya kwanza liliporushwa, mama mkwe alimpigia mwanawe simu kutoka Ngenge, nami nikawasikia kwenye spika.

"Nani amekufa?" aliuliza. "Umesema tutulie, nikatulia. Sikusikia jina."

Mume wangu alimweleza kwamba lile ni tangazo la biashara, hakuna aliyekufa.

"Usinishtue hivyo tena, baba," alisema mama.

Mume wangu alikwenda kwa meneja wa kituo kuomba mwanzo ubadilishwe. Meneja alimwambia hana mamlaka hayo. Tangazo ni mali ya kampuni, na walichonunua ni mwanzo ule. Tangu hapo mume wangu alikuwa anapunguza sauti ya redio yetu kila lilipokaribia. Vijana wa bodaboda walipomwona walimwita, "Mzee, leo ni siku yangu?" Mwanzoni alicheka nao. Baadaye alianza kupita njia ya nyuma, kwenye vibanja vya watu, yale mashamba ya migomba, viatu vikarudi na tope.

Kiharusi kilimpata asubuhi moja akifunga vifungo vya shati. Tulimfikisha hospitali akiwa hai, lakini upande wa kulia ulikuwa umekufa na sauti imekwenda. Alijaribu kuniita, kikatoka kitu kama mtu anayesukutua. Alijisikia mwenyewe, akafunga mdomo, na sikumwona akijaribu tena.

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mzee aliyevunjika nyonga, naye alikuwa na redio ndogo chini ya mto. Mchana mmoja nikiwa namlisha mume wangu uji kwa kijiko, sauti yake ilitoka chini ya mto ule, nzima, nzito, isiyo na ugonjwa wowote. "Ndugu msikilizaji, popote ulipo, tulia kidogo unisikilize."

Uji ulimtoka pembeni mwa mdomo. Akanigeuzia macho. Hadi leo sijui kama aliniomba nikazime au alikuwa anashangaa tu, jinsi mtu anavyoshangaa kuona nguo yake imevaliwa na mwingine. Nilisimama nikamwomba mzee apunguze. Alipunguza mara moja, akaomba radhi, akaniambia kwa fahari na kwa heshima ya Kihaya, "Huyo mtangazaji namfahamu, waitu. Ndiye aliyemtangaza mke wangu." Hakujua ni nani amelala mita mbili kutoka kwake, na mimi nikarudi kumfuta mume wangu mdomo.

Mume wangu alifariki juma hilohilo, alfajiri.

Tulimpeleka Ngenge, kuzikwa kwenye kibanja cha baba yake. Mchana wa siku ya maziko waombolezaji walikuwa chini ya turubai, na mdogo wa mume wangu alitoa redio akaiweka juu ya kiti, ili wazee wasikie jina la mtu wao likisomwa. Wazee walilitaka hilo. Waliona haitakuwa vizuri mtu aliyewatangaza wenzake wote akaenda bila kutangazwa.

Alisoma binti mmoja ambaye mume wangu ndiye aliyemfundisha kazi. Alisoma vizuri. Alipofika kwenye orodha ya ndugu, kwenye jina la mama, sauti ilimkatika, tukasikia karatasi ikipapasa kipaza sauti. Akamaliza. Pale chini ya turubai kila mtu alikuwa ameinamisha kichwa.

Halafu, bila hata muziki wa kutenganisha, mume wangu akasema: "Ndugu msikilizaji, popote ulipo, tulia kidogo unisikilize."

Jeneza lilikuwa sebuleni, mlango wazi. Katika kile kimya chake watu waligeukia mlangoni. Nilimwona mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi karibu na mlango, akiinua uso.

"Nakusikia, baba," alisema.

"Leo ni siku yako," ikasema redio. "Jirani yako amekwishatangulia. Weka mkeka wako sasa."

Kulikuwa na bibi mmoja jirani, mzee sana, ambaye hakujua kwamba vijana wakisema mkeka wanamaanisha orodha ya timu wanazozibetia. Alijua mkeka wa kukalia. Alikuwa amekuja na wake, ameukunja kwapani. Aliposikia sauti aliyoizoea inamwambia auweke, aliwasogeza miguu watu waliokuwa mbele yake, akautandika vizuri chini, mbele ya mlango, akausawazisha pembe kwa viganja. Hapo ndipo shemeji yangu alipoirukia redio na kuizima.

Nilidhani baada ya maziko kampuni ingeona aibu. Tangazo liliendelea. Niliporudi kazini, maana mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nilikuta darasa la tano wakinisubiri kwa heshima, mikono juu ya madawati. Wiki ya pili walikwishazoea. Nilikuwa natoka ofisini na madaftari nikasikia kutoka dirishani mtoto mmoja akianza, kwa sauti nene ya kuigiza, "Ndugu msikilizaji, popote ulipo," na darasa zima likapokea, "tulia kidogo unisikilize." Wakanyamaza wote pamoja. Watoto wadogo vile, walijua ukimya ule ni wa urefu gani. Kisha kwa pamoja: "Leo ni siku yako." Nilisimama kwenye korido mpaka wakamaliza. Sikuwaadhibu. Wangeadhibiwa kwa kosa gani? Walilisikia mchana, wakati wanarudi nyumbani kula.

Kulikuwa pia na gari la matangazo lenye spika mbili juu. Siku za mechi kubwa lilizunguka mtaa wa Bakoba, likapanda hadi kwetu Buhembe. Ukiwa ndani ulianza kumsikia kwa mbali, kama mtu anayerudi kutoka kazini. Alikaribia, akapita mbele ya nyumba, akaenda. Siku moja nilijikuta nimeshafungua mlango.

Mama mkwe yeye hakuzima redio tena. Nilipokwenda kumtazama Ngenge, nilimkuta ameiweka dirishani, betri mpya, na jirani mmoja akaniambia anaiacha inasema tangu asubuhi. Sikumuuliza. Niliona huenda ndiyo faraja yake, na mimi sina nyingine ya kumpa badala yake.

Aliyenitisha zaidi ni shemeji, yuleyule aliyeizima redio msibani. Alikuwa amemzika kaka yake, akarudi nyumbani na jembe begani kama watu wote. Baada ya miezi michache mke wake alinifuata jikoni kwa mama, akaniambia kahawa yote imekwenda kwa butura, yaani wameiuza ingali maua, kwa bei ya kutupa, na kilichopatikana kimeishia kwenye kibanda cha kubeti.

Nilimkuta shemeji nyuma ya nyumba, anakata majani makavu ya migomba.

"Ni kweli?" nilimuuliza.

"Ni kweli, shemeji."

"Wewe hukuwa mchezaji."

"Sikuwa." Aliendelea kukata. "Lakini kaka yangu hajawahi kusema uongo redioni. Akisema fulani amekufa, amekufa. Ukienda, unakuta msiba. Sasa kila siku ananiambia jirani ametangulia, leo ni yangu. Nikiwa peke yangu huku shambani namsikia hata redio ikiwa imezimwa. Nifanye nini? Nimwambie anadanganya?"

Nilirudi Bukoba nikiwa nimeamua. Meneja wa redio alinipokea vizuri, akanipa pole tena, akarudia yale aliyomwambia mume wangu. Alinielekeza ofisi ya wakala. Kijana wa pale, shati limepigwa pasi, alinivutia kiti. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha alinifungulia tangazo kwenye kompyuta, akaniuliza kama nitaweza kuvumilia kulisikia, nikasema nitaweza.

"Mama, angalia," alisema. "Umri umetajwa. Onyo lipo. Haliwekwi kwenye kipindi cha watoto. Kila kinachotakiwa kimefuatwa."

"Mtu mwenyewe amekufa."

"Najua, mama. Pole sana." Alikuna kidole cha gumba. "Hakuna mahali kwenye kanuni pamesema habari ya aliyekufa."

Hakuwa mtu mbaya. Alinisindikiza hadi barabarani.

Baadaye kidogo ikatangazwa kwamba maofisa wa serikali wanaosimamia michezo ya kubahatisha watakuja Bukoba kusikiliza wananchi kuhusu matangazo ya kubeti. Siku hizo mama mkwe alikuwa kwangu, amekuja kliniki ya presha. Nilimwambia naenda kwenye mkutano na sababu yake. Akasema tutakwenda wote. Hakutaka kuniambia anakwenda kusema nini, na hilo lilinisumbua njiani. Niliogopa atasimama mbele ya watu aombe wamwachie mtoto wake redioni.

Ukumbi ulikuwa umejaa nusu. Baba mmoja alitaka matangazo hayo yasisikike kabla ya watoto kulala. Shehe mmoja kutoka Bakoba alisema amechoka kusikia spika ya kubeti ikishindana na adhana. Mwenye kibanda alijitetea kwamba na yeye ana familia. Maofisa waliandika. Halafu mama akaniegemea, akasimama, akaanza kusema Kihaya, nami nikawa natafsiri sentensi baada ya sentensi.

Alisema yeye ni mama wa yule anayesema "tulia kidogo." Ukumbi ukageuka. Alisema mtoto wake amezikwa, kaburi liko Ngenge, anayetaka aende akaone. Alisema hajui sheria na hakuja kugombana na mtu.

"Mama anapendekeza nini?" aliuliza ofisa aliyekuwa katikati.

Nilimgeukia mama. Alinijibu bila kusita, kisha akanigusa kiwiko niendelee.

"Anasema," nilitafsiri, "kama lazima waitumie sauti yake, basi kabla hajaanza mtu aseme kwanza kwamba anayesema ni marehemu."

Nyuma mtu alicheka, akaacha. Mama aliongeza neno moja, nikalitafsiri pia: "Watu wajue wanaitwa na nani."

Ofisa aliandika. Nilimwona akiandika, kisha akasimamisha kalamu akatazama alichoandika. Yule kijana wa wakala alikuwa safu ya tatu, anatazama sakafu. Tulipotoka nje alitufuata, akapiga goti kidogo kumsalimia mama kwa Kihaya cha kubabaisha, akaondoka bila kusema lingine.

Njiani kurudi Buhembe nilimuuliza mama kwa nini basi aliiacha redio inasema siku nzima.

"Nilikuwa namsubiri aniulize hali," alisema. "Mwanangu hakuwahi kunipigia simu asiniulize nimeamkaje, nimekula nini, mguu unaendeleaje. Yule wa redioni anasema, anasema, haulizi. Nikangoja. Nikaona siye."

Miezi ikapita, tangazo likakoma. Sikuambiwa ni kwa ajili ya mkutano ule, au mkataba wao uliisha, au yule kijana aliongea na wakubwa zake. Lilikuja lingine la kampuni hiyohiyo, la msichana mwenye sauti ya furaha na muziki mwingi. Gari la spika nalo likawa linapita na msichana huyo. Kuhusu saa za kurusha matangazo hayo na kuyapitisha karibu na shule, nilisikia kuna masharti yameongezwa. Darasa langu la sasa halijui tangazo lolote kwa moyo, ila sijui litadumu hivyo kwa muda gani.

Nilikwenda redioni kuuliza kama wana mume wangu mahali popote akisoma vifo. Nilitaka nipate hata tangazo moja, akitaja jina la mtu taratibu. Fundi mitambo alitafuta mchana kutwa. Matangazo ya vifo yalisomwa moja kwa moja hewani, hayakuwa yanahifadhiwa, na karatasi zake hutupwa kila mwisho wa wiki. Alichokuwa nacho ni lile la kubeti. Aliniuliza kama aniwekee kwenye simu. Alikuwa ameshashika waya mkononi. Nikamwambia hapana, akalifuta mbele yangu.

Kahawa ya Ngenge sasa inavunwa na kuuzwa na mke wa shemeji mwenyewe. Shemeji hubeba magunia tu, na hakuna anayemwambia tena bei. Ameacha kibanda, kwa kadiri tunavyojua. Nilipokwenda mara ya mwisho tulikaa wote kwa mama tukala senene, wale panzi wa msimu, waliokaangwa, na shemeji alipokuwa ananisindikiza barabarani kungoja pikipiki aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama bado namsikia kaka yake.

"Walishaliondoa, shemeji," nilimwambia.

"Najua walishaliondoa," alisema. "Nimekuuliza kama unamsikia."

Pikipiki ilikuwa inakuja kutoka upande wa mto, taa imewaka ingawa bado palikuwa mchana. Tuliinyoshea mkono wote wawili, nikapanda, na kabla haijaondoka nikamwitikia kwa kichwa.